Zawadi, Hesabu na Hamu ya Kale: Swali la Kimaadili katika Sanaa ya Mashabiki

Neno ambalo lugha nyingi za Ulaya hulitumia kuitaja hamu ya kuyarudia ya zamani lilibuniwa na tabibu. Mwaka 1688 Johannes Hofer aliwasilisha tasnifu katika Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, akaunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurejea nyumbani na jingine la maumivu, ili kuupa jina ugonjwa uliowapata watu waliokaa mbali na kwao. Kwa Hofer dawa ilikuwa sahili: mgonjwa arudishwe kwao. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1798, Immanuel Kant aliitilia shaka dawa hiyo. Alihoji kwamba anayerejea huvunjika moyo kwa kuwa alichokitamani hakikuwa mahali bali ujana wake, nao ujana haurejewi. Tangu hapo hamu hii imehama kutoka kwa matabibu ikaingia katika fasihi na falsafa, lakini swali limebaki lile lile: je, mwenye hamu anatoa ushahidi kuhusu kitu kilichopotea, au anajisimulia yeye mwenyewe?

Swali hilo limezuka upya katika uwanja ambao wahakiki wa fasihi wamechelewa kuukaribia, nao ni uwanja wa sanaa ya mashabiki kwenye intaneti. Kwa sanaa ya mashabiki inakusudiwa michoro ambayo wapenzi wa riwaya, filamu, katuni au michezo ya kompyuta huichora kwa kuwachukua wahusika waliobuniwa na watu wengine na kuwatia katika hali ambazo mbunifu wa kwanza hakuziwaza. Kizazi kilichokuwa kijana huko Marekani, Ulaya na Japani baina ya mwaka 1995 na 2005, ambacho sasa kimeingia makamo, hukisimulia kipindi hicho kama bustani ambamo kilifukuzwa. Zamani, husema, mtu alichora kwa kuwa aliipenda hadithi. Akauweka mchoro wake mahali ambapo yeyote aliyeipenda hadithi hiyo angeuona. Hakulipwa, hakuhesabiwa, wala hakujulikana kwa jina lake halisi. Kisha zikaja fedha, ikaja mitandao ya kijamii, na bustani ikageuka soko.

Masimulizi haya yana umbo ambalo kila msomaji wa fasihi amelizoea, na umbo zuri mno ndilo linalopaswa kumtia mhakiki shaka. Hata hivyo, kuyakataa kwa sababu tu yanafanana na hekaya ya Edeni ni uvivu wa fikra. Watu huweza kusimulia jambo la kweli kwa umbo la kuazima. Isitoshe, hamu hii haikomei kwenye kumbukumbu, bali hugeuka hukumu. Msanii kijana anayeuza nakala za michoro yake, au anayepokea malipo ili amchorie mtu mhusika ampendaye, huambiwa kuwa amekisaliti kitu fulani ambacho waliomtangulia walikitunza. Kwa hiyo linalopaswa kuamuliwa ni zaidi ya ukweli au uongo wa kumbukumbu. Ni iwapo hamu ya mtu ya yaliyopita inaweza kumpa haki ya kumdai chochote mtu aliye hai leo.

Kijiji chenye mwenyewe

Mfano unaotajwa sana na wenye hamu hii ni GeoCities. Kampuni hiyo ilianzishwa California mwaka 1994, ikawapa watu nafasi ya bure ya kujengea kurasa zao. Kurasa zilipangwa katika mitaa yenye majina na kila ukurasa ukapewa nambari mithili ya nyumba. Wapenzi wa hadithi za kisayansi na za njozi walikaa mtaa wa Area51. Wapenzi wa katuni za Kijapani walikaa mtaa wa Tokyo. Mitaa ilikuwa na watu wa kujitolea waliowapokea wageni na kuwasaidia waliokwama. Mchoro ulichorwa kwa penseli karatasini, ukapitishwa kwenye skana, kisha ukapunguzwa ili modemu iweze kuubeba katika waya wa simu. Mtazamaji naye aliketi akiusubiri ushuke kidogo kidogo kwenye kioo cha kompyuta, kuanzia nywele za mhusika hadi viatu vyake. Chini ya ukurasa palikuwa na kitabu cha wageni. Aliyependezwa aliandika salamu, akaacha anwani ya ukurasa wake mwenyewe, na mwenyeji akaona ni adabu kwenda kuulipa ugeni huo. Aidha, kurasa za watu wenye mapenzi mamoja ziliunganishwa kwa duara, hata aliyefuata kiungo baada ya kiungo hatimaye alirejea pale alipoanzia.

Si jambo dogo kwamba mtazamaji alisubiri. Anayesubiri dakika mbili ili auone mchoro mmoja amekwisha kuuchagua kabla hajauona, na akiisha kuuona hauachi upesi. Pengine alikwenda huko kwa sababu kisomo cha mhusika fulani kilimkera na alitaka kujua kama kuna mwingine, popote duniani, aliyemwelewa mhusika huyo kama yeye. Salamu aliyoiacha kitabuni ilikuwa kwa hakika tendo la uhakiki, ijapokuwa iliandikwa na mtoto wa miaka 15 kwa sarufi mbovu. Henry Jenkins, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu mashabiki wa televisheni, aliwaita watu hawa majangili wa matini, sitiari aliyoiazima kwa Michel de Certeau. Sitiari hiyo inawafaa kwa upande mmoja tu. Jangili huingia porini usiku, akatoka na nyama, akaenda zake. Shabiki huingia akaacha kitu, na anatamani sana kukutwa akikiacha.

Lakini kijiji hiki kilikuwa na mwenyewe. GeoCities iliishi kwa matangazo ya biashara, hisa zake zikaanza kuuzwa hadharani mwaka 1998, na mwaka 1999 kampuni ya Yahoo ikainunua kwa hisa zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3. Katikati ya mwaka huo huo masharti mapya ya Yahoo yalidai haki pana mno juu ya kila kitu kilichowekwa katika kurasa hizo. Wakazi wakapiga kelele, na kampuni ikalazimika kuyalegeza. Maana ya tukio hili ni bayana. Mapenzi yale ambayo leo husemwa kuwa hayakuwa na bei yalikuwa yamekwisha kupigwa bei, na bei yenyewe ilikuwa ya mabilioni. Isipokuwa fungu hilo halikumfikia aliyeketi na penseli yake. Anayesema kwamba zamani hapakuwa na biashara anachosema kwa kweli ni kwamba biashara ilifanyika ghorofa ya juu, na yeye alikaa chini akicheza.

Wala kijiji hakikuwa na amani. Katika miaka ya 1996 na 1997 mashirika ya Viacom na Fox yaliwaandikia wenye tovuti za mashabiki wa Star Trek, The X-Files na The Simpsons, yakiwataka waondoe picha na maandishi yenye hakimiliki. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2000 Warner Bros. ilifanya vivyo hivyo kwa tovuti za wapenzi wa Harry Potter, nyingi zikiwa za watoto wa shule, mpaka watoto hao walipoitisha mgomo na kampuni ikarudi nyuma. Katika hali hiyo majina ya kubuni yalikuwa unyenyekevu, lakini pia yalikuwa maficho. Ile kauli iliyoandikwa chini ya kurasa zisizohesabika, kwamba mwenye ukurasa hapati faida yoyote na kwamba wahusika ni mali ya wenyewe, ilikuwa ngao ya kisheria, au ilidhaniwa kuwa ngao, kabla haijawa kanuni ya maadili.

Kant anafaa kurejewa hapa, maana ndiye aliyeuliza, katika maandishi yake ya mwaka 1785, kuhusu mwenye duka asiyempunja mteja mtoto kwa kuwa uaminifu una faida dukani. Tendo la mwenye duka huyo linaafikiana na wajibu lakini halikutokana na wajibu. Shabiki asiyeuza mchoro wake kwa kuwa anaogopa barua ya wakili yumo katika daraja hilo hilo. Haifuati kwamba shabiki huyo hakuwa na mapenzi. Inafuata tu kwamba kutouza kwake hakuwezi kutolewa kama ushahidi wa mapenzi hayo, sembuse kufanywa kipimo cha kuwapimia wengine.

Jambo jingine ambalo wenye hamu hulipita upesi ni suala la nani alikuwapo. Kebo ya baharini ya SEACOM ilianza kutoa huduma Julai 2009, ikitua Mombasa, na ikafuatwa na nyinginezo. Kabla ya hapo mawasiliano ya intaneti ya Kenya na nchi za nje yalitegemea setilaiti, yakawa ya polepole na ya gharama kubwa. Kwa wengi intaneti ilikuwa kitu cha kulipiwa kwa dakika katika duka la mjini. GeoCities ilifungwa Oktoba 2009. Kijana wa Mombasa au Nakuru aliyependa kuchora wahusika wa katuni alipata njia yenye upana wa kutosha miezi mitatu tu kabla ya kijiji chenyewe kubomolewa. Huyo hana hamu ya GeoCities, na hawezi kulaumiwa kwa kutokuwa nayo. Yeye alikikuta kila kitu kikiwa tayari sokoni, akaanzia hapo. Kumwambia kwamba sanaa yake imechafuka kwa kuwa anataka kulipwa ni kumdai aheshimu mila ya nyumba ambayo hakuwahi kukaribishwa ndani yake.

Bei na hesabu

Iwapo yaliyosemwa hapo juu yatakubaliwa, yamkini mtu atahitimisha kwamba hamu hii ni udanganyifu mtupu na shauri limekwisha. Hitimisho hilo ni la haraka mno. Shahidi anaweza kukosea kuhusu sababu ya jambo na bado akawa mkweli kwamba jambo limetokea. Kuna kitu kilichopotea. Kosa la wenye hamu ni kukiita kitu hicho ukosefu wa fedha.

Kwamba fedha si mkosaji linadhihirishwa na Japani. Desemba 1975 lilifanyika Tokyo soko la kwanza la Comic Market, ambako vikundi 32 vya wachoraji vilikutana na watu wapatao 700 kuuziana vijitabu walivyojichapishia. Soko hilo lingali linafanyika. Agosti 2019 idadi ya waliohudhuria kwa siku nne ilipita laki saba. Vijitabu huuzwa kwa fedha taslimu, vingi vikiwa na wahusika wa kuazima, na wauzaji wengine hatimaye wamekuwa wachoraji wa kulipwa wenye sifa. Walakini waandalizi wameshikilia tangu zamani kwamba hapo hapana wateja: anayeuza, anayenunua na anayeongoza foleni wote ni washiriki. Kanuni hiyo haina maana kwamba kila mtu huitii moyoni. Ina maana kwamba bei ilikuwapo tangu siku ya kwanza na haikuuvunja ule uhusiano ambao wenye hamu wa Marekani wanaamini kwamba bei huuvunja.

Fasihi ya Kiswahili nayo inao ushahidi wa karibu zaidi. Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili tenzi na mashairi ya kale kwa ajili ya wataalamu wa Kizungu kama Alice Werner na William Hichens, naye alilipwa. Miswada yake, kwa hati iliyopambwa, ni miongoni mwa hazina ambazo bila yake utafiti wa tenzi ungekuwa masikini sana. Hakuna mhakiki aliyewahi kudai kwamba mkono wa Kijuma ulipungukiwa na mapenzi kwa Liyongo kwa sababu ulipokea rupia. Dai hilo likitolewa mtu angelicheka. Mbona basi hutolewa kwa uso mkavu dhidi ya binti anayeuza kadi zenye mchoro wa mhusika wa anime?

Jibu moja, na si la kufurahisha, ni kwamba wengi wa mashabiki hao ni wanawake. Jenkins alilibaini hilo katika jumuiya alizozichunguza. Kazi ya mikono ya mwanamke imesifiwa kwa muda mrefu kuwa safi maadamu hailipwi, iwe ni ukili, kofia za vito au chakula cha arusi, na sifa hizo hugeuka masengenyo mara tu mwenye kazi anapotaja bei. Sehemu ya hamu ya kale ni hamu ya kuendelea kupewa bure. Sehemu hiyo haina haki yoyote.

Mkosaji anapaswa kutafutwa kwingine, nako ni katika hesabu. Ni lazima ikiriwe kwanza kwamba kuhesabu kulikuwako tangu mwanzo. Kurasa nyingi za miaka ya 1990 zilikuwa na kidude kilichoonyesha idadi ya wageni, na wenye kurasa walijivunia nambari zao kama watu wanavyojivunia ng'ombe. Lakini nambari ile ilisimama mlangoni na kuhesabu walioingia. Haikumzuia yeyote kuingia wala kumleta yeyote. Alama ya kupenda ya Facebook ilianza Februari 2009, na katika miaka iliyofuata mitandao mingine ikawa na zake. Mwaka 2016 Twitter na Instagram ziliacha kuwaonyesha watu yaliyochapishwa kwa mfuatano wa wakati, zikaanza kuyapanga kwa makisio ya mashine kuhusu yale yatakayomshika mtazamaji. Hapo ndipo hesabu ilipobadilika asili yake. Iliyokuwa kumbukumbu ya walioona ikawa kauli ya mapema kuhusu watakaoona. Mchoro usiopendwa katika saa yake ya kwanza haukosi sifa tu: unakosa kuwapo.

Athari yake kwa msanii ni tofauti na athari ya bei. Bei hutajwa baina ya watu wawili, na yeyote kati yao aweza kukataa. Hesabu haimwombi mtu ridhaa. Aidha, bei humwambia mchoraji thamani ya mchoro mmoja kwa mtu mmoja, ilhali hesabu humwambia thamani yake yeye mbele ya umati usio na uso, na humwambia kila saa. Mchoraji anayejua kwamba mhusika wa tamthilia ya msimu huu atainuliwa na mashine, na kwamba mhusika wa kando anayempenda tangu utotoni hatainuliwa, anakabiliwa na chaguo ambalo kwa nje ni huru kabisa. Hakuna wakili anayemwandikia barua. Anachora yule wa msimu. Baada ya miaka michache hawezi tena kusema kwa uhakika kama anampenda.

Aliyepotea kabisa katika mabadiliko haya ni mchoraji mbaya. Maneno haya hayasemwi kwa dhihaka. Kijiji cha zamani kilijaa michoro ambayo kwa kipimo chochote cha fani ilikuwa dhaifu: mikono iliyofichwa nyuma ya mgongo kwa kuwa vidole ni vigumu, macho yasiyolingana, farasi mwenye umbo la meza. Michoro hiyo ilipokelewa. Jirani aliisalimu, akaielewa, pengine akasahihisha goti la farasi kwa maneno ya upole. Haki ya kuwa mwanagenzi mbele ya watu, bila kufichwa na bila kuchekwa na maelfu, ni sharti la sanaa yoyote ya pamoja. Malenga wa zamani waliipata barazani. Mashabiki waliipata Area51 kwa miaka isiyozidi kumi na mitano. Hili ndilo jambo ambalo wenye hamu wanalikumbuka kwa usahihi, hata wanapolipa jina la uongo.

Aliyekusudiwa

Wanapotetea kumbukumbu yao, wenye hamu hupenda kusema kwamba michoro ile ilikuwa zawadi. Lewis Hyde, katika kitabu chake cha mwaka 1983, aliwapa msamiati: kazi ya sanaa yaweza kuishi bila soko, lakini pasipo zawadi hapana sanaa. Msamiati huo una mvuto, ila hutumiwa kana kwamba zawadi ni kitu kisicho na masharti. Marcel Mauss, ambaye insha yake ya mwaka 1925 ndiyo chemchemi ya mjadala huu, alionyesha kinyume. Zawadi hubeba wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha, na inamfunga mpokeaji hata kuliko mkopo. Kutolipwa hakumaanishi kutodai. Aliyeacha salamu katika kitabu cha wageni alikuwa akilipa.

Zawadi, kwa hiyo, ina anwani. Mtu anayetunga takhmisi anajua jambo hili. Sayyid Abdallah bin Nasir, katika karne ya 18, alipoyachukua maneno yanayonasibishwa na Liyongo na kuyaongezea mishororo yake mpaka kila ubeti ukawa na mishororo mitano, alifanya tendo ambalo kwa umbo lake haliko mbali na la shabiki: aliingia ndani ya kazi ya mwingine, akaacha maneno ya mwenyewe yakisikika, akayapa kitangulizi kilichoyafanya yasikike upya. Takhmisi hiyo ilimhitaji msikilizaji anayeijua asili. Asiyeijua huweza kufurahia vina na mizani, lakini takhmisi haikuelekezwa kwake. Vivyo hivyo mchoro wa shabiki: umekusudiwa kwa yule anayejua kwa nini mhusika huyu amechorwa akiwa ameketi peke yake dirishani, tukio ambalo halimo katika kitabu lakini ambalo kila aliyekisoma kwa mapenzi alilitazamia. Mashine ya kupanga michoro haina namna ya kumtambua mtu huyo. Inamtambua aliyetulia kwa sekunde tatu.

Svetlana Boym, mwaka 2001, alitofautisha hamu inayotaka kuijenga upya nyumba iliyobomoka na hamu inayokaa na magofu ili iyatafakari. Tofauti hiyo husaidia, ingawa mara nyingi wasomi huitumia kuisifu aina ya pili na kuibeza ya kwanza, kana kwamba kujenga ni ushamba. Mwaka 2007 baadhi ya mashabiki, baada ya kampuni moja kujaribu kuzikusanya hadithi zao kwa faida yake, waliunda Organization for Transformative Works, shirika lisilo la faida, kwa hoja kwamba mashabiki wanapaswa kumiliki seva zao wenyewe. Makavazi yao, Archive of Our Own, yalifunguliwa kwa umma Novemba 2009, mwezi mmoja baada ya GeoCities kufungwa. Hayana matangazo, hayapangi kazi kwa makisio, na hayaruhusu mtu kujitangazia biashara humo. Ni kweli kwamba hadithi zinatawala humo na michoro ni michache. Lakini kuwapo kwake kunamnyima mwenye hamu ule utamu wa kusema kwamba yaliyopita hayawezekani tena. Yanawezekana, kwa kazi nyingi na michango ya kila mwaka. Anayelia badala ya kuchangia anapaswa kuulizwa analilia nini.

Mwaka 2022 suala la anwani lilichukua sura ambayo Mauss hangeweza kuiwaza. Machi mwaka huo lilichapishwa kusanyo la LAION-5B, lenye viungo vya picha zaidi ya bilioni 5 zilizotapakaa kwenye intaneti, kila picha ikiwa na maneno yaliyoandikwa kando yake. Kwa makusanyo ya namna hii zilifundishwa programu za akili unde zinazochora kwa amri ya maneno, mojawapo ikiwa Stable Diffusion, iliyotolewa Agosti. Novemba tovuti ya DeviantArt, iliyoanzishwa mwaka 2000 na ambayo kwa wengi ilikuwa makao ya pili baada ya vijiji vya zamani, ilizindua programu yake ya aina hiyo. Mwanzoni msanii asiyetaka kazi zake zitumiwe kufundishia mashine alitakiwa aombe mwenyewe zitolewe. Ghadhabu ya wanachama iliilazimisha tovuti kugeuza utaratibu huo mara moja. Januari 2023 wasanii watatu waliwashtaki wenye programu hizo, pamoja na DeviantArt, katika mahakama ya California.

Watetezi wa makusanyo hayo wana hoja moja inayostahili kujibiwa, nayo inawagusa wenye hamu penye kidonda. Ninyi wenyewe mlisema, wanahoji, kwamba mlitoa bure, kwa yeyote, bila jina na bila kudai chochote. Basi na sisi ni yeyote. Iwapo usafi wa zamani ulikuwa katika kutokuwa na masharti, hoja hii haina jibu. Kila sifa ambayo hamu ya kale iliipamba nayo zawadi imegeuka hati ya ruhusa.

Jibu linapatikana kwa kulinganisha uchukuaji wa aina mbili. Yahoo ilipotangaza mwaka 2009 kwamba GeoCities ingefungwa, watu wa kujitolea walinakili kwa haraka kurasa nyingi walizoweza kuzifikia, na mwaka 2010 wakayasambaza waliyoyaokoa. Nao hawakumwomba mtu ruhusa. Wengi wa wenye kurasa walikuwa wamekwisha kuhama, na barua zisingewafikia. Hata hivyo ni vigumu kuwaita wezi, na sababu haimo katika nia zao njema peke yake, bali katika kile walichokichukua. Waliuchukua mchoro pamoja na ukurasa wake, rangi zake za kuumiza macho, jina la kubuni la mwenyewe, viungo vya majirani na kitabu cha wageni kikiwa na salamu ndani yake. Kusanyo la LAION lilichukua anwani ya picha na maneno ya kando. Maneno hayo yenyewe, aghalabu, yalikuwa yameandikwa na mwenye ukurasa kwa ajili ya mgeni ambaye picha ingekataa kumfungukia, au asiyeona.

Katika kurasa zilizookolewa bado husomeka maneno ambayo wenye hamu ya kale kwa nadra huyataja, pengine kwa kuwa hayaafikiani na bustani wanayoisimulia. Yako chini kabisa, mara nyingi karibu na ile kauli ya kutopata faida, kwa herufi ndogo na pengine kwa tahajia mbovu. Huwa na maana moja, yakiandikwa na msichana wa Tokyo au mvulana wa Area51: ukiupenda mchoro huu na ukataka kuuchukua, niandikie kwanza.